Mashine ya Ofisi ya Maji

Ilifika Langoni mwaka wa themanini na nne
juu ya mgongo wa punda, ndani ya sanduku la majani makavu,
na Bi Mwanamkuu Shekuwe, karani, akaitilia saini
kama apokeaye mwana wa kulea.
Miaka kumi na mmoja ikapiga hesabu za maji ya Shela.
Kisha chumvi. Hapa kwetu chumvi haibishi hodi:
iliingia kwenye shaba, ikazaa kutu ya kijani,
na skrini ikafumba jicho katikati ya bili ya msikiti.

Nimebaki na mwongozo wenye kurasa zilizogandana,
kaseti tisa, na daftari la mkono wake.
Kwa hayo naijenga upya, bila shaba, bila waya,
mashine ya maneno matupu ndani ya laptopu,
hapa darini, Mkomani, feni ikinguruma
na umeme ukija na kwenda kama mgeni asiye na adabu.

Rejesta ya kwanza niliiandika usiku wa Jumanne.
Ya pili ikanikesha.
Amri mia moja hamsini na moja, nazifundisha moja moja:
chukua hiki, weka pale, linganisha, ruka.
Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba;
hawakusema kwamba kibaba cha baiti
hujaa kwa mia mbili hamsini na tano,
ukitia punje moja zaidi
kinabaki kitupu, safi, kama hakijawahi kupimiwa kitu,
na pembeni hupandishwa bendera ndogo
kusema: kuna kilichomwagika, apitaye akiokote.
Bendera hiyo niliisahau.
Siku tatu msikiti ukadaiwa maji ya bahari nzima.

Nilipoipandisha, hesabu zikanyooka. Zikanyooka mno.
Daftari la Bi lasema shilingi kumi na tisa na senti arobaini;
yangu yasema arobaini na moja.
Nyumba baada ya nyumba, senti moja,
senti moja, kama sisimizi aliyeachwa na wenzake.
Nikakagua kazi yangu mpaka macho yakawiva.
Nikamwendea. Alikuwa akichagua mchele.
"Hiyo senti," akasema, asiinue mato,
"alikuwa akiila mwenyewe. Ofisini sote twajua.
Mombasa wakihesabu kwa mkono,
na pengo nikilijaza mimi, mfukoni mwangu."

Basi nikarudi, nikaandika kosa.
Nililiandika kwa uangalifu
kuliko ukweli wote uliolitangulia,
na pembeni nikaacha neno: usirekebishe.

Ijumaa akapanda ngazi zangu, akihesabu vidato.
Akaketi. Akagusa kibodi kwa ncha za vidole,
namba ya mita, kitufe, na jibu likatoka
kabla hajaondoa mkono.
Akakunja uso.
"Huyu yuna haraka mno. Wangu alikuwa akifikiri."

Katika kufikiri kule, sekunde kumi na nne kila nyumba,
alikuwa akivuta uradi,
akimwombea mwenye mita kwa jina lake:
nyumba mia sita, dua mia sita, kila mwezi,
na mwongozo haukuandika hata herufi ya jambo hilo.

Nikaongeza kitanzi kisicho na kazi.
Hesabu mpaka elfu sitini na tano. Hesabu tena.
Usilete chochote.
Laptopu yenye nguvu za mashine elfu
ikakaa mikono mapajani.

Skrini ikawa nyeusi, kishale cha kijani kikipepesa.
Bi Mwanamkuu akatoa tasbihi.
Midomo yake ikaanza nyumba ya kwanza, ya pili,
na kwenye ya saba mimi, niliyesimama nyuma ya kiti,
nikasikia jina la marehemu baba yangu,
kisha bili yake: kumi na tisa, senti arobaini,
ambayo, kwa mujibu wa daftari,
hakuilipa.